Comenius na Mchezo wa Kuchekesha Shuleni

Mwanachuo aendapo katika mazoezi ya kufundisha, haupiti muda mrefu kabla ya mwalimu mkuu kumkabidhi kazi isiyokuwamo katika azimio lake la kazi, yaani kutayarisha mchezo wa kuigiza wa siku ya wazazi. Mara nyingi huongezewa na sharti, kwamba mchezo huo uchekeshe, kwa sababu wazazi wamekwisha choshwa na hotuba. Wengi huipokea kazi hiyo kama mzigo ulioangukia mgeni. Huchagua watoto sita wenye sauti kubwa, hufanya nao mazoezi jioni chini ya mti, na darasa lililobaki huachwa likifagia uwanja.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya mtu aliyeipokea kazi hiyo kwa namna nyingine, akaitetea mbele ya walimu wenzake waliomwona kuwa anapoteza wakati. Mtu huyo ni Jan Amos Komenský, ajulikanaye zaidi kwa jina lake la Kilatini, Comenius. Wanachuo hukutana naye katika historia ya elimu, kwa kawaida katika mistari miwili mitatu juu ya matumizi ya picha vitabuni. Kwamba alikuwa pia mtunzi na msimamizi wa michezo ya shuleni ni jambo lisilotajwa sana, nasi twaona kuwa ndilo linalomhusu zaidi mwalimu wa shule ya msingi.

Comenius alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 katika Moravia, nchi ambayo siku hizi ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Jamaa zake walikuwa waumini wa Umoja wa Ndugu, kanisa dogo lililokuwa likiandamwa mara kwa mara na watawala. Wenzetu watokao Mbeya na Tabora watatambua habari hii upesi, kwa kuwa humo ndimo yalimo machimbuko ya Kanisa la Moravian, ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891. Baba na mama walifariki angali mtoto, akalelewa na ndugu. Kwa sababu ya uyatima huo alichelewa masomo. Alipoingia shule ya Kilatini ya mji wa Přerov mwaka 1608 alikuwa na umri wa miaka 16, akakaa pamoja na watoto wadogo kuliko yeye.

Kuchelewa huko kulikuwa hasara kwake, lakini kulikuwa faida kwetu. Mtoto wa miaka minane akifundishwa vibaya hulia tu. Kijana wa miaka 16 hutazama na kujiuliza ni kwa nini. Comenius aliona watoto wakikaririshwa kanuni za sarufi ya Kilatini kabla ya kujua maana ya maneno yenyewe, na fimbo ikitumika pale maelezo yalipokosekana. Baadaye alizifananisha shule za namna hiyo na machinjio ya akili. Hatusemi kwamba hasira hiyo pekee ndiyo iliyomfanya awe mwalimu mkubwa, maana waliokasirika walikuwa wengi, ila yeye hakuisahau.

Alisoma zaidi katika Herborn na Heidelberg huko Ujerumani, akarudi mwaka 1614 kufundisha katika shule ile ile ya Přerov, akafanywa mchungaji mwaka 1616, na miaka miwili baadaye akapewa usharika na shule ya Fulnek. Kisha vita vikaja. Baada ya majeshi ya Waprotestanti wa Bohemia kushindwa mwaka 1620, waumini wa kanisa lake walianza kusakwa. Mji wa Fulnek uliporwa mwaka 1621, Comenius akaishi mafichoni, na mwaka 1622 mkewe kijana na watoto wao wawili wakafa kwa tauni. Mwaka 1628 alivuka mpaka pamoja na wakimbizi wengine, akafika Leszno katika Polandi. Hakuishi tena katika nchi yake.

Kule Leszno alifundisha katika shule kubwa ya mji, na baadaye akawa mkuu wake. Ndipo mwaka 1631 alipotoa kitabu kilicholieneza jina lake, Janua linguarum reserata, yaani mlango wa lugha uliofunguliwa. Kitabu hicho kilikuwa na sentensi 1,000 zilizopangwa katika sura 100, na ndani yake maneno ya Kilatini kiasi cha 8,000. Hayakupangwa kwa sarufi, bali kwa mambo yenyewe: moto, maji, mimea, wanyama, mwili wa mtu, kazi za mikono, nyumba, mji, serikali, mauti. Mtoto alijifunza neno pamoja na kitu chake. Kitabu kilitafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya na baadhi za Asia. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa akiandika kitabu chake kikubwa juu ya ufundishaji, ambamo alishikilia kwamba kila tendo hujifunzwa kwa kulitenda, kusema kwa kusema na kuandika kwa kuandika. Mtu aaminiye hivyo hana budi kufika kwenye jukwaa siku moja, apende asipende.

Yafaa tukumbuke kwamba michezo ya kuigiza haikuwa kitu kigeni katika shule za wakati ule. Shule nyingi za Kilatini zilicheza vichekesho vya Terentius na Plautus, watunzi wa Roma ya kale, na Wajesuiti walikuwa na michezo yao iliyosifika. Comenius hakuvipenda vichekesho vya Warumi. Ndani yake kuna watumwa walaghai wanaowadanganya wazee, vijana wanaoiba fedha za baba zao kwa ajili ya makahaba, walevi na wabembelezaji. Wenzake walisema kuwa ni Kilatini safi, na kwamba kijana atachukua lugha na kuacha uchafu. Yeye alijibu kuwa mambo hayaendi hivyo. Mtoto akirudia maneno na matendo ya mtu fulani kwa wiki nyingi, mpaka ulimi na mikono yake vimezoea, hachukui maneno peke yake.

Hapa twaomba kueleza jambo tuliloliona wenyewe. Katika shule moja tuliyopata kufundisha, kijana wa darasa la sita alipewa sehemu ya mlevi katika mchezo wa siku ya wazazi. Aliicheza vizuri mno, watu wakacheka hadi machozi. Tangu siku hiyo aliitwa Mlevi, darasani, uwanjani, hata njiani kwenda kisimani, mpaka alipomaliza shule. Baba yake alikuwa mnywaji, na kila mtu kijijini alijua, isipokuwa sisi tuliogawa sehemu za mchezo. Hatukumwuliza mtu yeyote kabla ya kugawa. Tunaposoma jinsi Comenius alivyokuwa mkali juu ya vichekesho vya Terentius, hatumwoni kuwa mtu asiyependa kicheko. Twamwona kuwa mwalimu aliyejua kwamba mtoto hatoki jukwaani akiwa yule yule aliyepanda.

Basi alihitaji kichekesho ambacho hakimchafui mchezaji, na kwa kuwa hakukipata alikitunga mwenyewe. Mwaka 1640 wanafunzi wa Leszno walicheza mchezo wake uitwao Diogenes Cynicus Redivivus, habari za Diogenes mwanafalsafa, kana kwamba amefufuka. Diogenes huyo alikuwa Myunani aliyedharau mali, akaishi katika mtungi mkubwa, na visa vyake vimesimuliwa tangu kale. Husemwa kwamba alitembea sokoni mchana akiwa na taa inayowaka, akidai kuwa anatafuta mtu. Husemwa tena kwamba Plato alipomweleza binadamu kuwa ni mnyama wa miguu miwili asiye na manyoya, Diogenes alimnyonyoa jogoo, akampeleka shuleni kwa Plato na kumtambulisha kuwa ndiye huyo binadamu. Hata Aleksanda Mkuu alipomsimamia na kumwuliza anataka nini, hakutaka lolote ila mfalme aondoke asimkinge jua.

Comenius alishona visa vya namna hii kuwa mchezo. Mwanachuo na atazame uchaguzi huo kwa makini. Mchekeshaji wa mchezo ndiye mwenye akili kuliko wote waliomo. Watu wanamcheka mwanzoni kwa sababu ya mtungi na matambara yake, kisha kicheko kinageuka na kuwaangukia wenye majivuno. Hakuna kilema anayechekwa, wala maskini, wala mtu wa kabila jingine kwa matamshi yake. Kijana aliyecheza Diogenes, akiitwa kwa jina hilo hadi uzeeni, hakuwa na sababu ya kuona haya. Tena vifaa vyake vinapatikana popote: mtungi, taa, fimbo, na kuku, ikiwa jikoni wataridhia. Mwaka uliofuata, 1641, alitoa mchezo mwingine juu ya Ibrahimu, ambao habari zake si za kuchekesha.

Miaka kumi iliyofuata ilikuwa ya safari, nasi tutaipita haraka. Mwaka 1641 aliitwa London na watu waliotaka kuanzisha chuo kikubwa cha elimu zote, lakini mwaka 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Uingereza na mpango ukavunjika. Kisha aliwatumikia Waswidi kwa kuwaandikia vitabu vya shule, akikaa Elbląg, mpaka 1648. Mwaka huo alichaguliwa kuwa askofu mkuu wa kanisa lake, na mwaka huo huo Mkataba wa Westphalia ukamaliza vita vya miaka thelathini bila kuwaruhusu watu wake kurudi kwao.

Mwaka 1650 alipata mwito mwingine, safari hii kutoka Hungaria. Zsuzsanna Lorántffy, mjane wa György Rákóczi wa Kwanza aliyekuwa mtawala wa Transylvania, pamoja na mwanawe Zsigmond, walimtaka aitengeneze upya shule ya Sárospatak. Alikwenda kwa matumaini makubwa. Aliandika mpango wa shule ya madarasa saba, na ndani yake akaupa mchezo wa kuigiza nafasi ya kudumu kama somo jingine lolote.

Mambo hayakwenda kama yalivyoandikwa. Kati ya madarasa saba yalifunguliwa matatu ya chini tu. Zsigmond, aliyekuwa tegemeo lake, alifariki mwaka 1652. Walimu aliowakuta hawakuona haja ya kuacha njia walizozizoea, na wanafunzi, ambao wengine walikuwa wana wa wakubwa, walikuja wanapotaka na kulala wanapotaka. Comenius aliandika kitabu kizima juu ya kuufukuza uvivu mashuleni, alitunga sheria za shule, alihutubia. Kila mwalimu aliyewahi kuandika sheria mpya ubaoni baada ya sheria ya kwanza kupuuzwa anajua hali aliyokuwa nayo. Alikuwa na umri wa miaka 60, jina lake likijulikana Ulaya nzima, na darasa halimsikilizi.

Alipotaka wanafunzi wacheze, wenzake walikataa. Walisema kuwa vichekesho yafaa viondolewe shuleni na kuachiwa Wajesuiti, na kwamba yeye aliitwa kwa kazi ya maana, si kwa mizaha. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Wazazi walipeleka watoto wajifunze Kilatini. Mwalimu anayetumia saa za masomo kwa michezo anadaiwa kueleza ni somo gani linalofundishwa hapo. Comenius alidaiwa, akalipa. Mwalimu mmoja aitwaye Sebastian Macer alikuwa ametangulia kuigeuza sehemu ya Janua kuwa maongezi ya jukwaani. Comenius alilichukua wazo hilo, akakigeuza kitabu chote kuwa mchezo wa sehemu nane, akauita Schola Ludus. Katika Kilatini neno ludus lina maana ya shule na lina maana ya mchezo pia, hivyo jina lenyewe lilikuwa jibu kwa wapinzani wake.

Mpango wa mchezo ni huu. Mfalme Ptolemy wa Misri ameketi pamoja na wataalamu wake, akina Plato, Eratosthenes, Apollonius na Plinius, naye anataka elimu yote ya dunia ipitishwe mbele ya macho yake. Mjuzi wa historia atatabasamu, kwani Plato alikufa kabla ukoo wa akina Ptolemy haujaanza kutawala, na Plinius alizaliwa baada ya utawala wao kwisha; lakini wanafunzi hawakusumbuka, na sisi hatuna sababu ya kusumbuka. Basi wanaitwa watu, mmoja baada ya mwingine, waje waseme wao ni nani, wanafanya nini na vitu vyao vinaitwaje. Sehemu ya kwanza ni ya viumbe vya asili. Ya pili ni ya mtu mwenyewe, mwili na akili. Ya tatu ni ya kazi za mikono. Ya nne huonyesha shule ya watoto, ya tano chuo kikuu, ya sita mwenendo mwema, ya saba nyumba na mji, na ya nane ufalme na dini. Aingiaye hataji tu jina la kitu, bali hukionyesha, au huonyesha kinavyotumika.

Kila sehemu ilihitaji makumi ya wachezaji. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, ulipo uhodari wake kama mwalimu. Hakuna shujaa mmoja anayezungumza saa nzima huku wengine wakishika mikuki nyuma yake. Yupo mtoto anayeingia na chombo chake, anasema sentensi chache alizozielewa, anatoka, na mwingine anaingia. Mwenye ulimi mzito ana nafasi yake sawa na msemaji. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi madirishani, ambaye huona wingi huo kuwa kizuizi cha kuigiza, angefanya vizuri kulitafakari jambo hili kabla ya kuchagua wale sita wake.

Mchezo ulichezwa katika kipindi cha mwisho cha kukaa kwake Sárospatak, mbele ya watazamaji kutoka nje ya shule, nao ukapokewa vizuri. Comenius mwenyewe alishuhudia baadaye kwamba vijana waliokuwa wazito walichangamka, na kwamba walishika mambo kwa muda mfupi kuliko walivyoshika kwa miaka ya kufundishwa. Alieleza pia sababu zake. Mbele ya watu kumbukumbu hunoleka, kwa kuwa mtoto hataki kuaibika. Woga wa kusema hadharani huondoka mapema. Wazazi huona kwa macho yao fedha yao ilikwenda wapi. Vipaji vilivyojificha hujitokeza. Na mwalimu naye hulazimika kufanya bidii, maana kazi yake imeanikwa. Sababu hii ya mwisho haitajwi sana na waandishi, lakini sisi tunaofundisha tunaijua. Huenda ndiyo iliyowafanya wenzake waupinge mchezo.

Hata hivyo tusimsifu kupita kiasi. Aichukuaye Schola Ludus leo na kuisoma kama tamthilia atasinzia. Hakuna mgogoro ndani yake, hakuna siri inayofichuka, na orodha za majina hufuatana kama mizigo ya msafara. Kama kichekesho, Diogenes ni mchezo bora kwa mbali; kama mbinu ya kufundishia, Schola Ludus iliwafikia watoto wengi zaidi. Hatukuona kwamba Comenius aliwahi kuziunganisha sifa hizo mbili katika mchezo mmoja. Kazi hiyo bado iko wazi kwa yeyote aendaye mazoezini akiwa na daftari na darasa lenye watoto wengi.

Katikati ya mwaka 1654 aliondoka Hungaria, akarudi Leszno kwa watu wake. Mwezi wa Aprili 1656, katika vita kati ya Waswidi na Wapolandi, mji huo uliteketezwa. Pamoja na nyumba yake iliungua miswada yake, ukiwamo mswada wa kamusi ya lugha ya Kicheki alioushughulikia kwa zaidi ya miaka arobaini. Alikimbilia Amsterdam, ambako jamaa ya tajiri Louis de Geer ilimpa hifadhi, na wakuu wa mji wakagharimia uchapaji wa maandishi yake ya elimu. Yalitoka mwaka 1657 katika kitabu kikubwa cha sehemu nne, na humo Schola Ludus imo. Mwaka 1658 kilitoka Nuremberg kitabu chake cha picha, Orbis Sensualium Pictus, chenye sura 150. Alikianza akiwa Sárospatak, ila kule hakupata mafundi wa kuchonga picha. Ukikitazama kitabu hicho baada ya kuujua mchezo, utaona kwamba ni watu wale wale, mhunzi, mwoka mikate, mfumaji na mwalimu, kila mmoja na vyombo vyake, ila safari hii wamesimama kimya ukurasani.

Alifariki Amsterdam tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa katika mji mdogo wa Naarden. Katika Jamhuri ya Cheki na Slovakia tarehe 28 Machi, siku aliyozaliwa, ni siku ya walimu.